Kanga Mpya Juu ya Baiskeli Kuukuu

Ingekuwa imeibwa, ningepewa pole. Shinyanga watu wanaijua baiskeli, na wanajua maana ya kuamka asubuhi ukakuta mlango wa stoo uko wazi na msumari mtupu ukutani. Majirani wangekuja, wangekaa kidogo, mmoja angesema aliwaona vijana wasioeleweka wakipita jioni. Lakini baiskeli yangu haikuibwa. Ilitoka mikononi mwangu mchana kweupe, kwa vigelegele, na mimi nilikuwa mmoja wa waliovipiga. Kwa hiyo sina haki ya pole ya mtu, na uchungu wenyewe nimeachiwa niutafune peke yangu.

Nianze na habari ya gari, maana yote yalitoka huko.

Mimi na mume wangu hatukuwa na gari, na hatukulitaka. Asiye na gari anaeleweka: hana pesa, yamekwisha. Asiyelitaka ndiye anayewakosesha watu raha. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na mume wangu alikuwa mtunza ghala kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Walimu wenzangu walinunua magari yaliyotumika, wakayaleta shuleni yanang'aa, na baada ya muda mengine yalikuwa juu ya mawe uani, kuku wanataga kwenye siti ya nyuma. Mimi sikuwacheka mbele yao. Wao walinicheka mbele yangu. Mmoja aliniuliza, ofisi nzima ikisikia, kama ni masharti ya mganga. Nikamjibu ndiyo, kanikataza kufuga kitu kinachokula hata siku kisipofanya kazi. Alininunia hadi mitihani ya mwisho wa mwaka.

Tulikuwa na baiskeli mbili, na mji wetu ni tambarare kama sinia. Shuleni nilikwenda kwa baiskeli, sokoni kwa baiskeli, kanisani kwa baiskeli, gauni nimelikunja na kulikalia. Mume wangu naye hivyo hivyo. Tukiwa na safari ya mbali tulikodi kirikuu, hivi vigari vidogo vya mizigo vinavyoshinda karibu na soko vikingoja mtu anayehama nyumba. Baiskeli zinapakiwa nyuma, sisi tunabanana mbele na dereva, na tukishafika huko vijijini dereva anageuza anarudi zake. Tunabaki na baiskeli zetu. Tunazunguka kwa ndugu, tunaingia kwenye vijia ambavyo gari lingekwama, tunarudi tukiwa na mbuzi wa kuchoma kwenye keria. Likizo ikiisha tunampigia dereva, anakuja kutuchukua. Ulikuwa utaratibu mzuri. Nitausifia hadi kufa, hata kama hakuna anayenisikiliza.

Tena kulikuwa na ufundi wake. Baiskeli haitupwi kwenye kirikuu kama gunia la mpunga. Unageuza usukani ulale, unazipanga kichwa na mkia, unaangalia pedali ya moja isiingie kwenye spoku za nyingine, ndipo unafunga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Mwisho unafunika kwa shuka, maana mabati ya bodi yanakwaruza rangi barabara ikiwa na makorongo. Kazi hiyo tuliifanya wenyewe, mimi na mume wangu, kila mmoja upande wake, na nadiriki kusema kwamba hatukuwahi kuelewana kwa jambo lolote kama tulivyoelewana katika kufunga ile mizigo.

Baiskeli yangu ilikuwa ya mama yangu mzazi. Aliinunua kwa pamba yake, si ya baba. Yake, aliyoilima kwenye kipande alichopewa ili anyamaze. Ni ya kike, chuma cha kati kimeshuka chini ili gauni lipite. Enzi zile kijijini kwetu mwanamke juu ya baiskeli alikuwa sinema ya bure, na mama alisemwa hadi na mashemasi. Alijifunza akiwa ameshazaa watoto wanne, akaanguka mara ambazo yeye mwenyewe alikuwa akizisimulia kwa kicheko, akionyesha kovu la kiwiko. Magoti yalipomkataa alinikabidhi akiwa hai, mbele ya ndugu zangu wa kiume, ili pasiwe na maneno baadaye. Nilibadilisha rimu, cheni, breki na siti. Fremu na kengele sikugusa. Kengele ile alikuwa akiipiga kwa kidole gumba akikaribia nyumbani, na sisi watoto tulijua kwa mlio huo kwamba chakula kimefika.

Sasa nimtaje shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Anaishi Geita na kazi yake ni kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Huko duara likitema, yaani shimo likitoa mawe yenye mali, yeye anajua kabla ya mke wa mchimbaji. Ana gari kubwa jeupe, na akija kwetu analiegesha langoni hadi watu wa mtaa wanapita kwa ubavu. Tangu siku alipotukuta tunapakia baiskeli kwenye kirikuu, alikuwa amepata nyimbo.

"Shemeji," aliniambia, "mnakodi gari mbebe baiskeli? Si mkodi baiskeli ibebe gari?"

Mara ya kwanza nilicheka, nisiseme uongo. Mara ya pili nilitabasamu. Baadaye akatubandika jina, "watu wa kukodi", likaenea ukoo mzima. Tukifika msibani mtu anasema, haya, watu wa kukodi hao. Mume wangu alikuwa akicheka pamoja nao. Nilidhani anacheka kwa ukubwa wa moyo. Sikujua kwamba kila kicheko kilikuwa kinamkata.

Mwanetu wa kwanza anafanya kazi Kahama, na huko alimpata binti wa Masumbwe, wa familia ya wakulima, Wakatoliki safi, watu wa jumuiya na rozari. Binti mzuri, sina neno naye hadi leo. Posa ilikwenda, ng'ombe walikubaliwa wakatangulia, ikabaki siku ya kupeleka zawadi za wazazi na mashangazi: mablanketi, vitenge, koti la baba, mchele, makreti ya soda. Mshenga alikuwa shemeji yangu, kwa kuwa baba mkwe wangu ni marehemu na yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Pia ndiye aliyekulia huko, upande wa Bukombe na Masumbwe. Mume wangu aliondoka angali mdogo, akalelewa na mjomba Shinyanga, na mila za kwao anazijua kama mtu anavyolijua kanisa alilobatiziwa.

Ilikuwa likizo. Tukaona zawadi ziende na kirikuu chetu, na baiskeli zetu ziwe juu yake; tukishamaliza kwa wakwe, tupitilize hadi nyumbani kwa akina mume wangu, tukae wiki moja kama kawaida yetu.

Asubuhi ile nililitazama shuka letu la kufunikia. Lilikuwa na madoa ya grisi na tundu moja kubwa, na kwa miaka yote sikuwahi kuliona. Siku ile nililiona. Nikajisemea, tunakwenda kwa wakwe, watu watatazama mzigo, nifike na tambara hili? Nikafungua sanduku nikatoa doti ya kanga mpya, nyekundu na nyeupe, haijawahi kuguswa na maji. Nikaizungushia baiskeli yangu kuanzia usukani hadi siti, nikafunga mafundo mazuri. Ya mume wangu nikaifunika kwa viroba. Yeye mwenyewe alisema ya kwake ni ya kiume, haina aibu. Katika maisha yangu yote nimepuuza mambo ya kuonekana, na siku moja tu niliyojaribu, ona yaliyonipata.

Masumbwe tulimkuta shemeji kwenye kituo cha mafuta, kando ya barabara kuu, malori ya kwenda Rwanda na Burundi yamepangana. Alikuwa na wazee wawili wa ukoo kwenye gari lake. Akashuka, akakizunguka kirikuu chetu polepole, mikono nyuma.

"Hata leo, shemeji?"

"Hata leo. Tukitoka hapa tunakwenda kwenu. Au ulitaka nitembee?"

Akaigusa kanga. "Hii umeifunga wewe?"

"Mimi. Kwa nini?"

"Umefunga vizuri," akasema.

Nikaona aibu kidogo, nikamwambia mume wangu labda baiskeli tuzishushe, tumwombe mwenye duka la pale kituoni azitunze, tuzipitie tukitoka. Mume wangu alikuwa ameshaanza kulegeza mpira wa kwanza.

"Acheni," shemeji akasema. "Zimekaa vizuri. Tunachelewa."

Huyu ni mtu ambaye kwa miaka yote hakuona baiskeli yetu juu ya gari akaiacha ipite bila mzaha. Siku ile zilikuwa zimekaa vizuri. Nilipaswa kushtuka pale pale, lakini nilikuwa nawaza mkwe wangu atanionaje, kama soda zimepata joto, kama kilemba changu kimekaa sawa.

Ua ulikuwa umefagiwa ukabaki na michoro ya fagio. Turubai lilikuwa limetundikwa, viti vimepangwa. Gari la shemeji likatangulia, letu likafuata, na kabla hatujanyoosha miguu mashangazi wa binti walitufikia wakicheza, wengine na vibuyu mikononi. Kumbe kule mzigo huingia kwanza, wageni baadaye. Sisi tukasimamishwa kando, wao wakaanza kushusha. Kreti likipita, kigelegele. Blanketi, kigelegele. Nilifurahi, nasema kweli. Nilimtazama mwanangu katika suti yake, nikasema moyoni, tumefika.

Ndipo wanawake wawili walipopanda juu ya bodi na kuiona kanga.

"Mayu wee!" mmoja akapiga kelele. "Wametuletea na usafiri!"

Ua mzima ukalipuka. Mama wa binti akaitwa kutoka jikoni, akaja akijifuta mikono kwenye upande wa kanga yake, na alipoona umbo la usukani chini ya kitambaa akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Hawakuikokota. Waliinyanyua begani, wanawake wanne, tairi zisiguse ardhi, wakaizungusha uani mara moja na kuelekea nayo mlangoni. Mwingine alifunua viroba upande wa pili, akaona baiskeli ya mume wangu, akarudishia. "Hii ya dereva," akasema.

Nilipiga hatua. Mdomo niliufungua. Nikamtazama mume wangu, yeye akawa anatazama viatu vyake. Nikamtazama mshenga wetu. Alikuwa ameshajiweka sawa katikati ya ua, amekohoa kikohozi cha wasemaji.

"Wakwe zetu," akasema, "hiyo ni ya mama. Mama aliyetulelea binti, asitembee tena kwa miguu kwenda mnadani. Sisi si watu wa maneno mengi."

Makofi. Baba wa binti akasimama kabisa. Mama wa binti alikuwa analia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, na hilo ndilo lililonifunga mikono. Ningesema nini? Kwamba samahani mama, hiyo ni yangu, ishushe? Mbele ya wazee wao na mashangazi, siku ya mwanangu?

Shangazi mmoja mnene, mcheshi, akanijia. "Mama wa bwana harusi, mbona kimya? Kwenu Shinyanga hawapigi?"

Watu wakacheka, wakageuka wote kunitazama. Mwanangu naye alinitazama. Baiskeli ile aliijua. Alibebwa juu ya keria yake kwenda kliniki, akabebwa kwenda chekechea, alijifunzia yeye mwenyewe hadi akang'oa kucha. Alijua. Macho yake yalikuwa yanafanya jambo moja tu, kuniomba.

Nikapiga kigelegele. Kikatoka kirefu kuliko vyote, wakasifia.

Wali ule nilikula. Sikumbuki ladha yake. Tulipoaga na kuingia tena kwenye kirikuu, bodi lilikuwa na baiskeli moja chini ya viroba na mipira iliyolegea. Tulitoka hadi barabarani.

"Uliona," nikamwambia mume wangu.

"Niliona."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema nini, mama? Kilichokwisha kupigiwa vigelegele hakirudi kwenye gari. Ndivyo ilivyo huku."

"Kumbe ulijua?"

"Nilikumbuka walipokwisha kuinyanyua."

Akanieleza, akitazama mbele. Kwao, mzigo wa mahari ukifika na kitu kimevishwa kanga mpya, hicho ni cha mama wa binti. Hakuna anayeuliza. Kanga yenyewe ndiyo maneno. Cha baba huja wazi, cha mashangazi huja kimekunjwa, cha mama huvishwa. Mtoto wa huko anajua hayo kama anavyojua kusema shikamoo. Yeye alikuwa ameyasahau kwa sababu ya kulelewa kwingine.

"Na kaka yako?" nikauliza. "Ambaye amekuwa mshenga wa nusu ya ukoo? Yeye naye alisahau?"

Dereva wetu, jirani, mtu wa adabu, aliongeza sauti ya redio.

Wiki ile kijijini ilikuwa wiki ndefu. Mume wangu alinipa baiskeli yake, lakini ni ya kiume, chuma cha kati kiko juu, na mimi na gauni langu na umri wangu hatukuwezana nacho. Basi nikawa nakaa kwenye keria nyuma yake, miguu upande mmoja, kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Watu wakiuliza yangu iko wapi, anasema, imepata mwenyewe. Anasema hivyo na kucheka kidogo. Mara ya tatu niliposikia hayo maneno nilishuka nikatembea.

Shemeji nilimkabili baada ya harusi, kwake Geita, tulipokwenda kushukuru. Nilimuuliza mbele ya mke wake kama alijua.

"Shemeji," akasema, wala hakukwepa macho yangu, "mimi nimekuokoa. Ulitaka wakwe waseme nini? Kwamba bwana harusi wazazi wake wamekodi kigari wabebe baiskeli? Nimeichukua aibu nikaigeuza heshima. Leo Masumbwe nzima inakusifu wewe, hainisifu mimi."

"Ilikuwa ya mama yangu."

"Nitakununulia mpya. Ya gia."

Hakununua, na namshukuru kwa hilo, maana ningeitupa chooni. Lakini la kusifiwa alisema kweli. Kila kwenye shughuli ya ukoo anasimulia jinsi shemeji yake alivyovua kitu chake mwenyewe akampa mama wa binti, bila kuulizwa, akapiga na kigelegele. Watu wananishika mkono. Wananiambia moyo kama wangu umebaki kwa wachache. Nimesifiwa kwa wizi niliofanyiwa, na kila nikisifiwa nalazimika kusema asante. Nikikataa, nitakuwa mama anayemdai mkwe wake zawadi. Hakuna mlango hapo. Nimeutafuta.

Mimi nilidhani hasara imeishia kwenye baiskeli. Sikujua mume wangu anapika nini kichwani. Miezi michache baadaye nilirudi kutoka shule kwa miguu nikakuta gari limesimama mbele ya nyumba yetu, la rangi ya majivu, lina mkwaruzo mlangoni. Alikuwa amesimama kando yake na kitambaa, analifuta mahali palipokuwa pasafi.

"La nani?" nikauliza.

"Letu. Hutakaa tena kwenye keria."

"Nani alilalamikia keria?"

Akakunja kitambaa. "Wewe ulilalamikia baiskeli. Mimi nimechoka kuchekwa. Siku ile pale uani, walipoisifu, unajua nilijisikiaje? Nilijisikia mtu. Kwa mara ya kwanza mbele ya kaka yangu, nilijisikia mtu. Nisingeweza kusema ni makosa."

Aliyasema kama mtu anayetua mzigo, na nilimwonea huruma, lakini hasira iliipita huruma. Kumbe hakunyamaza kwa kushikwa na mila. Alinyamaza kwa kuwa zile sifa zilikuwa tamu. Ya mama yangu ilikwenda ili yeye apate jioni moja ya kuwa mkubwa mbele ya kaka yake. Nikaingia ndani. Kwenye stoo nikakuta na msumari wa pili uko mtupu. Baiskeli yake alikuwa ameiuza kuongezea mafuta na matairi.

Dereva wetu wa kirikuu siku hizi tukikutana sokoni ananisalimia kwa masikitiko kidogo, kama mtu aliyeachwa bila kosa. Namwambia mambo yamebadilika. Anasema naona, mama, naona.

Mwaka jana binti yetu wa Masumbwe alikwenda kujifungulia kwao, mtoto wa kwanza, wa kike. Tukaenda kumwona. Tulikwenda na gari letu. Njiani lilichemka kabla ya Kahama, tukakaa chini ya jua huku mume wangu akimwagia rejeta maji ya chupa, na waendesha baiskeli wanatupita wakitupa pole. Kuna mambo ambayo ukiyasema unayapunguzia uzito.

Mama wa binti alitupokea kwa furaha ileile. Tulimwona mtoto, tukamshika, tukamwombea. Halafu akanishika mkono. "Njoo, mzazi mwenzangu, nikuonyeshe tulivyoitunza."

Ilikuwa sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, imesimama kwa stendi yake juu ya mkeka. Vishikio vilikuwa vimefungwa nailoni. Kanga yangu ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa juu ya siti. Tairi zote mbili zilikuwa zimelala, mpira umeanza kupasuka pembeni kwa kutokanyaga njia. Hakukuwa na vumbi hata chembe. Mtu alikuwa anaipangusa kila siku.

"Haijatoka nje tangu mlipoileta," akasema kwa fahari. "Mimi kuendesha sijui, nitajifunzia wapi uzee huu? Na baba watoto anasema zawadi ya wakwe haichezewi. Lakini kila mgeni akiingia, anaiona. Nawaambia, hii ni ya mama Shinyanga."

"Na mnadani unakwendaje?"

"Kwa miguu, mama. Si mbali."

Nilitaka kumwambia kwamba uzee si kitu, kwamba mwenye baiskeli hii alijifunza akiwa na watoto wanne na kiwiko kinavuja damu, kwamba tuitie upepo sasa hivi, nimshikie siti kwa nyuma, tuzunguke uani hata mara moja. Maneno yote yalikuwa tayari. Lakini mle ndani mlikuwa na utulivu wa kanisani, na yeye alikuwa amesimama kando yake kwa heshima, mikono imekumbatana mbele.

Badala yake nikanyoosha kidole gumba kwenye kengele. Ilikuwa pale pale, upande wa kushoto, na ile sehemu iliyolika kwa kidole cha mama yangu ilikuwa bado inang'aa. Sikuwa nimeibonyeza bado.

"Taratibu, mama," mama wa binti akasema kwa upole, akanishika kiwiko. "Usije ukaikwaruza."

Nikaondoa mkono, nikamwomba radhi.